Nani Yu Tayari kwa Chuo? Mambo ya Kujifunza kutoka Ilemela

Katika vikao vingi vya matawi ambavyo tumevihudhuria, suala la elimu huletwa mezani kwa namna moja tu. Matokeo ya mitihani yametoka. Shule yetu imekuwa ya ngapi. Sifuri ni ngapi. Walimu hulaumiwa, kisha wazazi hulaumiwa, kisha mwenyekiti hutazama saa na kikao huhamia kwenye mengineyo. Mwaka unaofuata mambo ni yale yale.

Makala haya yanataka kuligeuza suala hilo upande wa pili. Twauliza: kijana anapoambiwa kwamba yu tayari kwa chuo, ni kitu gani hasa kilichomfanya awe tayari, na kazi hiyo ilianza lini? Jibu letu, ambalo tutajaribu kulitetea, ni kwamba utayari huo haufanywi katika kidato cha sita, wala hauletwi na mtihani. Hufanywa au huharibiwa pale mtoto anapotoka shule ya msingi na kuingia sekondari, anapohama kutoka lugha moja ya kusomea kwenda nyingine bila daraja. Na kwa mpango wa elimu uliopo, mwezi Januari 2028 kivuko hicho kitapitiwa na watoto wa madarasa mawili kwa mpigo. Makada wanaodhani kwamba hilo ni jambo la Wizara peke yake wamekosea.

Ni vizuri tukubaliane kwanza juu ya neno lenyewe. Wazee wa pwani walisema chuo wakiwa na maana ya kitabu, na mtoto aliyepelekwa chuoni alipelekwa kufundishwa Kurani. Siku hizi neno limepanuka, twalitumia kwa chuo cha ufundi, chuo cha ualimu na chuo kikuu. Sisi hapa twalichukua kwa upana wake wote. Kijana atakayejifunza uchomeleaji VETA na yule atakayesoma sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wote wawili wanatakiwa waweze kusoma maelezo na kuyaelewa, kupima na kukokotoa, na kueleza kwa maandishi walichokifanya. Kumwona wa kwanza kuwa ameshindwa na wa pili kuwa ameshinda ni kasumba tuliyorithi kwa wakoloni, na ndiyo iliyotufanya kwa miaka mingi tuhesabu mafanikio ya shule kwa idadi ya waliokwenda kukaa ofisini.

Ilemela ni moja ya wilaya mbili zinazoufanya Mji wa Mwanza. Nyingine ni Nyamagana. Ilipata halmashauri yake ya manispaa mwaka 2012. Sensa ya mwaka huo huo ilihesabu watu 343,001; ile ya 2022 ikawakuta wamepita laki 5. Mtu anayetaka kuona vyuo kwa macho yake hana haja ya kusafiri mbali. Pasiansi ipo taasisi ya taaluma za wanyamapori iliyoanza miaka ya 1960. Nyakato ipo VETA. Bwiru zipo shule mbili kongwe, ya wavulana ambayo ni ya ufundi, na ya wasichana. Ukivuka mpaka kuingia Nyamagana utakuta Chuo cha Ualimu Butimba, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kule Malimbe, na chuo kikuu cha tiba pale Bugando. Wilaya chache za nchi hii zimezungukwa na vyuo namna hiyo.

Lakini fuata barabara ya uwanja wa ndege, uupite uwanja, uendelee hadi Igombe na Kayenze. Hapo utaona umbali usiopimwa kwa kilomita. Dagaa wa ziwa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi unapong'aa mitumbwi hupumzika. Kwa hiyo mwalo una kalenda yake: majuma ya giza ni ya kazi, na majuma ya mbalamwezi ni ya kushona nyavu na kulipana madeni. Shule ina kalenda nyingine kabisa, iliyopangwa ofisini. Asubuhi baada ya usiku wa giza dagaa lazima waanikwe mara moja, maana jua halimngoji mtu, na mvua ikiwakuta wakiwa mchangani hasara ni ya nyumba nzima. Wanaoanika ni akina mama na mabinti zao. Wavulana wakubwa huhesabika kama mikono ya mtumbwi kabla hawajamaliza shule.

Hatusemi kwamba wazazi wa mwaloni hawapendi elimu. Tumewaona wakiuza ndoo ya mwisho kununua sare. Twasema kwamba riziki ya nyumba hutoka katika kazi hiyo, na mkono wa mtoto umo ndani yake. Mwalimu anayeandika "mtoro" kwenye daftari la mahudhurio bila kuutazama mwezi, hajafanya uchunguzi. Na kada anayemkemea mzazi hadharani bila kuuliza dagaa walianikwa na nani, naye hajafanya uchunguzi.

Somo la Musoma

Haitupasi kwenda mbali kutafuta historia ya jambo hili, kwani Musoma iko kwenye ufuko wa ziwa hili hili. Tukumbuke kwanza kwamba chuo kikuu chetu kilianza Oktoba 1961 kwa wanafunzi 14 wa sheria, katika jengo la TANU lililoko Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Yaani elimu ya juu ya nchi hii ilizaliwa ndani ya nyumba ya Chama, kwa jasho la wanachama waliochanga senti zao, na wengi wao walikuwa hawajui kusoma. Miaka mitano baadaye, Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo hicho waliandamana kupinga sheria ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Mwezi Machi 1967 alitoa maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Mambo hayo yanafuatana. Swali lililokuwa likiulizwa lilikuwa moja: msomi ni wa nani?

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma na kutoa maagizo mawili makubwa. La kwanza lilikuwa kwamba watoto wote wa umri wa shule wawe wameingia shule ya msingi ifikapo Novemba 1977, ingawa mipango ya awali iliweka jambo hilo mwishoni mwa miaka ya 1980. La pili lilikuwa kwamba hakuna kijana atakayetoka kidato cha sita moja kwa moja kwenda chuo kikuu. Atakwenda Jeshi la Kujenga Taifa, atafanya kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, kisha aombe nafasi akiwa na maelezo ya mwajiri wake na ya tawi la Chama.

Katika agizo hilo la pili mlikuwa na ukweli mkubwa na kosa kubwa, na kada wa leo ni lazima avione vyote viwili. Ukweli ni kwamba utayari wa kusoma si alama za mtihani tu. Mtu aliyeshika kazi, akaona wapi maarifa yanakosekana, husoma kwa njaa; walimu waliowafundisha wanafunzi wa namna hiyo wanalijua hilo. Kosa ni kwamba mlango ulifungwa kwa wote kwa ufunguo mmoja. Wasichana walipungua chuoni, kwani msichana aliyesubiri miaka mitatu aliolewa au alizuiwa na jamaa zake. Ikabidi miaka michache baadaye walegezewe masharti. Masomo ya sayansi nayo yalikosa watu, kwa sababu hesabu zisizofanyiwa mazoezi husahaulika. Na ile barua ya tawi, ambayo ilikusudiwa iwe ushahidi wa wananchi juu ya mtoto wao, ilikuwa rahisi kugeuka kuwa karatasi ya kujuana. Utaratibu huo ulilegezwa hatua kwa hatua, hatimaye ukaachwa. Lililosahaulika pamoja nao ni swali lake: ni nani, zaidi ya mtihani, anayewajibika kusema kwamba kijana huyu ameandaliwa?

Wingi na ubora

Agizo la kwanza la Musoma lilitekelezwa kwa ushujaa ambao kizazi cha sasa hakiujui vizuri. Katika miaka michache watoto waliokuwa shule za msingi walizidi milioni 3. Walimu hawakuwepo, basi vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakafunzwa vijijini huku wakifundisha, wakisaidiwa na redio na masomo kwa njia ya posta. Watu, kwa utani wao, wakasema kirefu cha UPE ni "Ualimu Pasipo Elimu". Utani huo ulikuwa na uchungu ndani yake, na haukuwa wa haki kabisa, maana wengi wa walimu hao ndio waliotufundisha kusoma sisi tunaoandika leo.

Hata hivyo sheria ya maendeleo haibadiliki kwa nia njema. Wingi unaweza kuzaa ubora, lakini hauzai wenyewe. Wataka nyenzo, muda na watu. Mlango wa msingi ulipofunguliwa, wa sekondari ulibaki sindano: katika miaka ya 1980 hata watoto 10 katika kila 100 waliomaliza darasa la saba hawakufika kidato cha kwanza. Mgongano huo ulisogezwa mbele, ukarudi na sura mpya. Ada za shule za msingi zilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, mpango wa MMEM ukajaza madarasa, ndipo ukaja MMES mwaka 2004 na shule za kata. Katika muda usiotimia miaka 10 shule za sekondari ziliongezeka kutoka chini ya 2,000 hadi zaidi ya 4,000. Wananchi walichanga mawe, mchanga na nguvu zao. Na tena walimu hawakuwepo, tena wakafunzwa kwa haraka, tena watu wakatania: "vodafasta", "yeboyebo". Matokeo ya kidato cha nne ya mtihani wa 2012 yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamefeli, hata baada ya alama kupangwa upya.

Mara mbili basi tumefungua mlango kabla ya kuandaa chumba. Wapo wanaosema kwamba ingekuwa bora kungoja. Sisi hatukubaliani nao. Mtoto wa Kayenze asingengojewa na mtu yeyote; angekuwa mtumbwini. Lakini kukubali kwamba mlango ulipaswa kufunguliwa si sababu ya kutojifunza kilichotokea ndani.

Fundo la lugha

Ndani, fundo kubwa kuliko yote ni lugha. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali, ile ambayo watu huiita kwa kejeli Mtakatifu Kayumba, husoma hesabu, sayansi na historia kwa Kiswahili. Januari inayofuata huambiwa asome mambo hayo hayo, na magumu zaidi, kwa Kiingereza. Getini hukuta kibao kinachoamuru Kiingereza tu. Darasani mwalimu, ambaye ni mtu mwenye akili na huruma, hueleza kwa Kiswahili ili aeleweke, kisha huandika ubaoni kwa Kiingereza ili inakiliwe. Mwanafunzi ananakili. Mtihani unapofika hukumbuka umbo la sentensi lakini si maana yake. Amejifunza kukariri, na kukariri ndiko kinyume cha utayari tunaouzungumza.

Jambo hili halikuvumbuliwa jana. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta ilitoa taarifa yake mwaka 1982 na kupendekeza kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia katika sekondari, kisha kifike chuo kikuu. Pendekezo hilo halikukubaliwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu na kukuta kwamba walio wengi hawakuwa na uwezo wa kukitumia kusomea. Ajabu ni kwamba pamoja na kuona hayo walishauri Kiingereza kiendelee. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote. Miaka ikapita na madarasa ya sekondari yakabaki kama yalivyokuwa.

Makada wengi hulitazama suala hili kama mabishano ya wazalendo na wapenda Uzungu. Ni zaidi ya hapo, ni suala la tabaka. Mtoto ambaye wazazi wake wamelipia shule ya msingi ya Kiingereza hafiki kivukoni kabisa. Kwake kidato cha kwanza ni mwendelezo. Mtoto wa mwaloni hufika kivukoni akiwa peke yake. Wote wawili watafanya mtihani mmoja wa Baraza la Mitihani, siku moja, kwa karatasi moja, nasi tutaita huo usawa. Kwa hiyo, hata yule anayeamini kwamba Kiingereza lazima kibaki, na yule anayeamini kwamba Kiswahili lazima kishike nafasi yake, wote wawili wana wajibu mmoja wa haraka: maadamu kivuko kipo, daraja lijengwe.

Twende mbele kidogo tuone madhara yake. Sharti la kawaida la kuingia shahada ya kwanza kwa mwanafunzi wa kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili wenye jumla ya alama zisizopungua 4.0, yaani D mbili zatosha kwa programu nyingi. Kwenye karatasi mlango si mrefu. Tangu 2016 ada ya sekondari hadi kidato cha nne imeondolewa katika shule za umma, na tangu mwaka wa masomo wa 2022/23 ada ya kidato cha tano na cha sita nayo imeondolewa. Mwaka 2024 tahasusi za kidato cha tano zilipanuliwa hadi 65. Kwa nini basi watoto wa mwaloni ni wachache? Kwa sababu aliyeikimbia fizikia katika kidato cha pili, kwa kuwa hakuelewa lugha ya kitabu, amekwisha kujifungia tahasusi za sayansi kabla hajajua kwamba alikuwa akichagua. Hakuna aliyemwambia. Mjini mzazi msomi humwambia mwanawe mezani wakati wa chakula.

Kuna na vizuizi vidogo ambavyo tawi laweza kuviondoa kwa siku moja. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na fomu yenye saini ya serikali ya mtaa au kijiji. Kijana aliyezaliwa kisiwani, wazazi wakihama mwalo hadi mwalo, hana cheti, na huanza kukitafuta juma la mwisho la maombi. Tumeona vijana wenye alama nzuri wakikaa nyumbani mwaka mzima kwa karatasi hiyo. Balozi wa nyumba kumi anajua ni nani katika nyumba zake yuko kidato cha tatu. Kwa nini cheti kisitafutwe wakati huo?

Januari 2028

Sasa tufikie jambo lililotufanya tuandike. Sera ya mwaka 2014, toleo la 2023, ambalo lilizinduliwa mwanzoni mwa 2025, imeweka elimu ya lazima ya miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, pamoja na mkondo wa amali katika sekondari. Watoto walioingia darasa la tatu mwaka huo watamaliza shule ya msingi mwaka 2027 wakiwa darasa la sita. Waliokuwa darasa la nne mwaka huo huo watamaliza mwaka 2027 wakiwa darasa la saba, la mwisho. Makundi yote mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza Januari 2028, na moja lao litakuwa na watoto wenye umri mdogo zaidi kwa mwaka mzima. Ni Musoma tena, ni MMES tena, ila safari hii tarehe tumeijua mapema.

Wizara na halmashauri zitashughulika na vyumba, madawati na ajira za walimu, na ni haki wananchi wadai taarifa ya hesabu hiyo kata kwa kata: Bugogwa ina watoto wangapi katika madarasa hayo mawili, Sangabuye wangapi, na viti vya sekondari ni vingapi. Tawi lisilojua hesabu hiyo halina la kuzungumza kikaoni.

Lakini daraja la lugha halihitaji saruji. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba. Kidato cha kwanza huanza Januari. Hapo katikati kuna miezi mitatu ambayo mtoto hana shule, hana mwalimu, na mwalo unamwita. Wengi wanaopotea hupotelea hapo, kabla hata majina ya waliochaguliwa hayajabandikwa. Twapendekeza miezi hiyo itumike kwa jambo moja tu: kuwasomesha watoto hao maneno ya hesabu na sayansi ambayo tayari wanayajua kwa Kiswahili, wayakute kwa Kiingereza, polepole, bila kibao shingoni na bila fimbo, kwa saa mbili za alasiri, dagaa wakiwa wamekwisha anuliwa.

Watauliza: nani atafundisha? Wastaafu wa ualimu wapo katika kila kata ya Ilemela. Waliomaliza kidato cha nne huwa nyumbani tangu mwishoni mwa Novemba hadi Julai. Baadhi ya waliomaliza kidato cha sita huwa wametoka Jeshi la Kujenga Taifa wakingoja vyuo vifunguliwe. Na kijana aliyefundisha wadogo zake hesabu za sehemu kwa majuma manne atakwenda chuoni akizijua kuliko alivyozijua kwenye mtihani. Barua ya tawi kwa kijana kama huyo ingekuwa na kitu cha kueleza. Chaki hununuliwa kwa mchango mdogo. Chumba kipo, kwani darasa la saba limekwisha kuondoka.